Chaja ya Gari la Bosi

Gari la Bosi lilikuwa na chumba kikubwa kuliko changu. Silalamiki, natoa vipimo tu. Tuligawana ukuta mmoja. Upande wangu kulikuwa na kitanda, meza, na gauni la maua la marehemu mke wangu likining'inia kwenye msumari. Upande wa pili lilikaa gari jekundu la mbio, milango miwili, fupi kama kiatu, limefunikwa shuka laini ambalo mimi sijawahi hata kulilalia. Kwa mwaka lilitoka mara nne. Siku zilizobaki lilipumzika, maana kukaa nako ni kazi.

Bosi alipotaka kusafiri kwa miezi mitano, msimamizi wa nyumba alinipeleka gerejini. Huyu msimamizi sisi wa vyumba vya nyuma tulimwita Bwana Utaratibu. Mbele yake tulisema "mkuu". Alipenda matangazo kuliko watu. Bombani kulikuwa na karatasi: FUNGA VIZURI. Getini: PIGA HONI MARA MOJA. Na pale gerejini, juu ya swichi, karatasi yenye herufi kubwa: ZIMA TAA KILA UTOKAPO.

Akanionyesha kidude cheusi kilichochomekwa ukutani, waya wake mmoja umeingia chini ya gari.

"Mzee, gari likikaa bila kuendeshwa, betri inaisha yenyewe," akasema. "Kuna alamu, kuna saa, kuna vikompyuta, vyote vinanyonya. Hii chaja itailisha kidogo kidogo mchana na usiku. Usiichomoe hata kidogo."

"Haitavimbiwa, mkuu?"

"Ina akili hii. Betri ikishiba, inaacha."

Nikasema moyoni: basi imewazidi wengi ninaowajua.

"Naona kuna taa nyekundu na ya kijani. Niangalie ipi?"

"Wewe ukikuta inawaka, andika *inawaka*. Usijitie uhandisi." Akanipa daftari na kalamu, kisha akainua kidole. "Na nikwambie kabisa. Betri ikifa, hicho chumba utakiacha wiki hiyo hiyo. Kuna dereva anakihitaji."

Chumba chenyewe mtu mwingine angekiona banda. Mimi niliishi humo na mke wangu miaka kumi na tisa. Ukutani kwenye kichwa cha kitanda kuna alama ya mafuta, mahali alipokuwa akiegemeza kichwa pumu ilipombana na kulala chali kukamshinda. Alama hiyo huwezi kuifunga kwenye boksi ukahama nayo. Dereva angeipaka rangi siku ya kwanza, na wala nisingemlaumu.

Tukiwa tumefika kwenye pumu, niseme lililonikaa. Mke wangu alikuwa na kimashine kidogo cha kuvuta dawa, kinachotumia umeme. Vyumba vya wafanyakazi vilikatiwa umeme kila siku saa mbili asubuhi, ukarudishwa saa kumi na moja jioni. Sababu? Mchana tuko kazini, umeme tunautakia nini. Pumu haikupewa taarifa hiyo, ikawa inakuja mchana. Shemeji yangu, mdogo wake, ni mpishi wa nyumba kubwa; siku moja alimchomekea dada yake kimashine jikoni, akapata onyo la maandishi. Mimi nikaambiwa niandike barua ya maombi. Nimesoma mpaka darasa la nne, barua ilinichukua siku tatu. Niliomba maneno mawili tu: umeme usikatwe. Mke wangu alifariki saa saba mchana, siku ya Jumanne. Jibu lilikuja wiki mbili baada ya mazishi: "Ombi lako linashughulikiwa." Nadhani mpaka leo bado wanalishughulikia. Watu wa juu hawana papara.

Basi nikailinda betri ya Bosi kama mboni ya jicho. Gereji haina dirisha. Kila asubuhi nilifungua, nikawasha taa, nikainama kuangalia chaja. Inawaka. Nikaandika *inawaka*. Nikapangusa vumbi, nikazima taa kama tangazo lilivyotaka, nikafunga. Jioni hivyo hivyo. Siku za kwanza iliwaka kijani, baadaye mara kijani mara nyekundu, halafu nyekundu tu. Nikajua gari limenogewa.

"Shemeji, hilo gari unalitembelea kuliko ulivyomtembelea mama mkwe wako," mpishi alinitania akinipa chai dirishani.

"Mama mkwe hakuwa na nia ya kunihamisha chumba."

"Alikuwa nayo, sema hukumsikia!"

Bosi akarudi Ijumaa. Jumamosi asubuhi akashuka amevaa miwani ya jua na glavu za ngozi zisizo na vidole, akiwa na ufunguo mkononi. Nikavua shuka. Akabonyeza ufunguo. Kimya. Akabonyeza tena akiwa amenyoosha mkono, kana kwamba gari halimsikii vizuri. Kimya. Shingo ya Bwana Utaratibu ilianza kutoa jasho kabla ya yangu.

"Limekufa?" Bosi akauliza.

"Haiwezekani, Bosi," mkuu akadakia. "Chaja ilikuwepo. Labda huyu mzee aliichomoa. Hawa huwa wanachomeka pasi zao."

"Pasi!" nikasema. "Mkuu, hii suruali unaiona ina mkunjo?"

Shemeji, aliyekuja kuchungulia, akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Akaitwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke mnene mwenye mifuko mingi kwenye ovaroli na haraka kidogo. Akatoa ufunguo mwembamba uliofichwa ndani ya ule wa kubonyeza, akafungua mlango kwa mkono, akafikia betri, akaipima.

"Hii imekufa siku nyingi. Nani alikuwa anaichaji?"

Wote wakanitazama. Nikampa daftari. Akafunua kurasa: *inawaka, inawaka, inawaka*, miezi mitano, asubuhi na jioni.

"Mzee, kila ulipokuja uliikuta inawaka?"

"Kila siku. Haikunidanganya hata mara moja."

Akaitazama chaja, inawaka nyekundu. Akatazama balbu, akatazama swichi na tangazo lake. Kisha akavuta mlango wa gereji, akanyoosha mkono, akazima taa. Giza likaingia gerejini, na kale kataa kekundu kakazimika pamoja na balbu. Akawasha; kakarudi. Akazima, kakaenda.

"Soketi imeungwa kwenye waya wa taa," akasema gizani. "Taa ikizimwa, chaja nayo imelala. Imekuwa ikifanya kazi pale tu huyu mzee anapokuja kuitazama."

"Kumbe ni ya ofisini," nikasema.

Hakuna aliyecheka ila fundi. Akawasha taa. "Nani alichagua soketi iwekwe hapa?"

Bwana Utaratibu akasoma tangazo lake mwenyewe kama analiona kwa mara ya kwanza. "Tulitaka kuokoa waya," akasema. Halafu akanigeukia: "Na wewe mzee, ulishindwa nini kuomba kibali uache taa ikiwaka?"

"Ningeandika barua, mkuu."

Shemeji aliinamisha uso kwenye aproni. Mkuu alijua barua ipi. Bosi hakujua, wala hakuuliza. Watu wa juu husomewa vichwa vya barua, si barua zenyewe.

"Bosi, kanuni ilikuwa wazi," mkuu akaanza tena. "Betri ikifa, chumba..."

"Chumba gani? Mimi nataka gari!" Bosi akavua glavu moja. "Fundi, tufanye nini hili lisitokee tena?"

Fundi akagonga ukuta wangu kwa kiganja. "Nyuma ya ukuta huu unapita waya mzuri, mnene, unaolisha vyumba vya wafanyakazi. Nitoboe hapa niweke soketi, nusu saa imekwisha. Ila nasikia huo mnaukata mchana."

"Usikatwe," Bosi akasema.

Akapandisha miwani, akaenda zake kunywa kahawa. Neno moja, tena bila karatasi. Mimi niliandika mawili na nikayazungushia salamu na heshima zote.

Chumba sikunyang'anywa. Sikuombwa radhi pia, ila siku hiyo watu walikuwa na shughuli nyingi: kulikuwa na betri mpya ya kufunga. Fundi akatoboa, vumbi likaanguka juu ya mto wangu. Alama ya kichwa ilisalimika kwa upana wa viganja viwili.

Saa saba mchana nikaingia chumbani. Nikabonyeza swichi, na balbu ikawaka, mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie humo. Nikashusha kimashine kutoka juu ya kabati, nikakipangusa, nikakichomeka. Kikaanza kunguruma taratibu, kizima kabisa, kikipuliza hewa kwenye barakoa yake tupu.

Shemeji akasimama mlangoni na kikombe cha chai. Safari hii hakuwa na utani. "Shemeji," akasema, "kizime basi."

"Kiache kidogo," nikamwambia. "Umeme wa gari huo."