Jukwaa la Baba Mkwe

Baba mkwe wake Brayson alikuwa haoni.

Haoni, yaani haoni! Mtu akipita mbele yake anamwona kama kivuli, sauti anaitambua, atakuitikia salamu, "kamwene," na jina lako juu. Lakini kichwa cha msumari? Ufa kwenye mti? Hizo zilishakuwa hadithi. Na huyu huyu Mzee Ebeneza ndiye fundi wa majukwaa ya kujengea kwenye lile ghorofa la nyumba ya wageni linalojengwa pale Makambako, barabara ya kwenda Mbeya. Anaunga mirunda, ile miti mirefu ya mlingoti, anapigilia misumari, anatandika mbao, halafu anasema "pandeni." Watu kumi na moja wanapanda.

Brayson aliambiwa na mke wake, Eveline, nyumbani Njombe, jikoni, anamenya viazi bila hata kumtazama.

"Baba macho yamekwenda. Anajua mama, mimi, na sasa wewe. Usimwambie mtu."

"Eveline, sisi tunapanda pale!"

"Si upo wewe? Angalia. Ukimtia baba yangu aibu mbele za watu, mimi kwetu nitaingia na uso gani?"

Hapo ndipo alipobanwa. Mzee ndiye aliyemfundisha kushika mwiko, akamtafutia kazi, akampa na binti. Mkwe akisema, unaitikia umeangalia chini. Sasa utaanzaje kumwambia, baba, msumari wako umekosa mti?

Basi Brayson akajitafutia njia. Wote walikuwa wanalala palepale saiti, kwenye banda la mabati. Kabla hakujapambazuka vizuri yeye yuko nje, nyundo ameivalisha soksi isipige kelele, anazunguka jukwaa mti kwa mti. Msumari umepinda, anang'oa. Umekosa, anapiga mwingine. Wenzake wakiamka wanamkuta anaota moto kama mtu aliyekosa usingizi tu. Kuanzia kabla ya Pasaka mpaka mahindi yanavunwa, hakuna aliyeanguka. Sifa zote kwa mzee! "Jukwaa la Ebeneza unapandisha ng'ombe," walikuwa wanasema.

Mikanda ya kujifunga? Kuna fundi mmoja aliwahi kuulizia. Wakamwita Bibi Harusi, na jina likamganda.

Sasa ikaja hiyo Jumatatu.

Jumapili Brayson alikwenda Njombe, mtoto wa kaka yake alikuwa anapata kipaimara. Asubuhi anataka kurudi, ukungu umeulalia mji, magari yanatambaa kama yanatafuta sindano. Anafika Makambako saa tatu. Huku jua limetoka, upepo wao ule wa kila siku unavuma, na jukwaa jipya limesimama mpaka ghorofa ya tatu. Mzee kalisimamisha tangu alfajiri.

Lenard, saidia fundi, baba wa watoto wanne, ana karai la plasta begani na mguu mmoja kwenye mti wa kwanza.

"Lenard, ngoja! Napanda mimi kwanza."

"Kachelewa, halafu anataka awe wa kwanza," Lenard akasema, akashuka. "Haya panda, mkwe wa jukwaa."

Akapanda. Chini kuzima. Katikati kuzima. Akafika juu kabisa, kwenye mti wa kulala, ule unaobeba mbao zote, na hapo akaganda. Misumari mitatu, yote imepita pembeni mwa nguzo. Imetokeza hewani, inang'aa. Mti umekalia kipande cha gome la nguzo tu, na upepo ukipiga unacheza.

Na nyundo iko bandani. Akiiomba, mzee atauliza ya nini.

Chini, Mzee Ebeneza ameinua uso, anatazama pembeni kidogo ya pale alipo. "Brayson, kuna nini?"

"Baba... nasikia kizunguzungu."

Kicheko kilichoanguliwa hapo! Fidelia, mbeba maji, alitua ndoo ili acheke vizuri. "Kumbe kipaimara kilikuwa na pombe ya ulanzi!"

"Tumletee mkanda," Lenard akadakia. "Tumepata Bibi Harusi wa pili!"

Wacheke tu. Brayson alihesabu kwamba aibu ataibeba yeye, mzee atabaki salama, atashuka achukue nyundo. Lakini mzee akasema, "Basi pumzika. Lenard, panda wewe, plasta inakauka."

Lenard akapanda.

"Usije, Lenard."

"Nipishe njia, bwana."

Mti wa kwanza. Wa pili. Karai zito, jamaa anapumua kwa nguvu. Brayson akafungua mdomo. "Baba," akasema, na neno la pili likakataa kutoka. Lenard akaweka mguu mti wa tatu.

"Lenard, shuka! Litakuua! Misumari haijashika kitu!"

Kicheko kikakatika. Lenard akatazama juu, akaona uso wa mwenzake, akatupa karai na kuruka chini. Brayson akajivuta ndani ya tundu la dirisha, akashika ukuta, na walipokwisha kusogea chini akaupiga teke ule mti. Teke moja tu! Ukaanguka na mbao zote, vumbi likapanda.

Alipofika chini kwa ngazi za ndani, mzee alikuwa amechuchumaa, anapapasa misumari yake mmoja mmoja.

"Umejua tangu lini?"

"Hili jukwaa nimeliona sasa hivi, baba."

"Sikuulizi jukwaa."

Brayson akaangalia chini. "Tangu kabla ya Pasaka."

"Ukawa unapita nyuma yangu, unarekebisha."

"Ndiyo, baba."

Mzee akasema polepole, "Kila siku nilikuwa najiambia, leo kitalegea kitu, wataniambia, nitaacha. Naona majukwaa yanasimama tu. Nikasema, kumbe mikono yangu bado inaona."

Brayson akainama, akaanza kuokota misumari.

"Kwa hiyo ulijua," Lenard akasema. Hapakuwa na utani tena. "Tunaota moto pamoja, tunagawana kiazi, halafu unanitazama napanda. Unajua."

"Nilikuwa napitia kila mti, Lenard. Kila asubuhi."

"Leo ungepitia saa ngapi?"

Lenard akamwacha, akaenda upande wa pili wa jengo, kwenye jukwaa walilokuwa wanapandia wiki nzima. Akaanza kutikisa nguzo moja moja. Fidelia akamfuata, wengine nao wakafuata, wanatikisa, wanatega sikio. Brayson alitaka kuwaambia kwamba hilo ni zima, kalipigilia mwenyewe Jumamosi. Walifika nguzo ya mwisho, wakarudi kuanza upya, na hakuna aliyegeuka kumuuliza.