Aliyetufuata Bonde la Rouge

Mwaka 1996 nilikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee, nikiishi mtaa wa Malvern jijini Toronto, ghorofa ya nne. Jirani yangu wa mlango wa pili aliitwa Pulchérie, mama wa Kirundi aliyefika huko mwaka uliotangulia, peke yake. Alifanya kazi ya kufungasha biskuti kiwandani na usingizi ulimpaa kabisa. Daktari akamwambia atembee.

"Nisindikize, Jeptoo mdogo wangu," aliniomba. "Porini peke yangu siendi."

Basi kila Jumamosi asubuhi tukawa tunashuka Bonde la Rouge, msitu wenye mto pembeni mwa jiji. Mimi nilipapenda tangu siku ya kwanza: maji ya mto yenye rangi ya chai ya rangi, majani yaliyogeuka mekundu kilima kizima, kulungu waliotutazama bila hofu. Pulchérie hakutazama chochote. Alikwenda kama anayefukuzwa na mbwa.

"Dada, tumekuja kutembea. Mbio za nini?"

"Kuna mtu nyuma yetu."

Niligeuka. Njia ilikuwa tupu.

Jumamosi ya tatu nikasikia na mimi. Majani makavu yalivunjika nyuma yetu, hatua nyepesi, mguu mmoja ukiburutwa. Tuliposimama, zikasimama.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia, dada. Nani huyo?"

Akaniambia habari za mdogo wake, Carmel. Mwaka 1993 walikimbia vita pamoja kupitia msitu wa Kibira, kwao Burundi. Carmel alikuwa ameumia mguu.

"Aliniita mara mbili. 'Dada, ningoje.' Sikugeuka, Jeptoo. Nilijiambia atanifikia tu. Sijamwona tena."

Nilimshika mkono, nikasema, "Leo tusikimbie."

Pulchérie akaketi juu ya gogo lililoanguka, uso ameuelekeza kule tulikotoka. Akaita kwa Kirundi, nami nikaelewa jina tu. Hatua zikaanza tena, taratibu, zikisogea. Nilifumba macho nikasali. Harufu ya moshi na udongo mbichi ikanijia. Halafu gogo likadidimia kidogo, kama mtu wa tatu ameketi.

Nilipofumbua macho hapakuwa na mtu. Pulchérie alikuwa amesogea pembeni kuacha nafasi. Alilia bila sauti, kiganja chake kikiwa wazi juu ya gome la mti.

"Amechoka sana," alisema.

Nilidhani yangeishia hapo. Hayakuisha. Theluji ilipoanguka tuliendelea kwenda, na hatua zile zikaendelea kutufuata. Siwezi kusema nilizizoea. Lakini Pulchérie aliacha kukimbia, na usingizi ukaanza kumrudia kidogo kidogo. Kila tulipofika penye mwinuko alisimama, akangoja mpaka mburuto wa ule mguu utufikie.

"Shika matawi," alisema akitazama nyuma, "hapa panateleza."

Mimi nilikuwa nimeshatangulia, niko juu.