Rangi Nyekundu kwenye Michungwa

Kwa miaka kumi na minne nimewaambia wakulima wa Mnyuzi jambo moja: msiuze maua. Mchungwa ukichanua, mlanguzi huja na pesa mkononi, anakupa kidogo, halafu wakati wa mavuno machungwa yote ni yake. Wewe uliyepalilia unabaki kuangalia lori linaondoka. Mimi ni bibi shamba wa hapa, nina stashahada ya kilimo, na shamba letu la michungwa mia moja na ishirini ndilo shamba darasa. Wakulima huja hapo kila Jumamosi kujifunza.

Sasa shamba limechanua, na mwanangu Yusra amepata nafasi ya kusomea ufamasia India. Ada na bweni kinalipa chuo chenyewe. Tiketi, viza na bima ni juu yetu: milioni tatu, ziwe zimelipwa kufikia Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mume wangu, Ramadhan, alipata kiharusi mwaka jana. Mshahara wangu unaishia kwenye mkopo tuliochukua kumtibu.

Jumanne nilikwenda Misima kwa Kudra, mdogo wake Ramadhan. Ana ng'ombe arobaini.

"India?" akacheka. "Shemeji, kwani vyuo vya Tanzania vimeisha?"

"Sikuja kuulizia vyuo. Nimekuja kuomba ng'ombe wanne, nitalipa."

"Angekuwa anaolewa, ng'ombe wa karamu ningemtoa leo hii. Ila wa kupandia ndege? Akishazoea huko atakukumbuka hata wewe?"

Nikaaga. Chai yake sikuimaliza.

Jumatano nikampigia Muhidini, mlanguzi kutoka Handeni mjini. Mwaka jana nilimfukuza mbele za watu kwenye shamba la Mzee Mhina. Alifika na pikipiki akitabasamu.

"Bibi shamba! Leo umeniita mwenyewe. Niingie, au utanifukuza tena?"

"Ingia. Nataka milioni tatu."

"Kwa msimu mmoja? Kwani michungwa yako inazaa dhahabu? Nakupa milioni moja na nusu. Ukitaka tatu, nipe misimu miwili."

Michungwa ile hutoa milioni tano kwa msimu. Hesabu hiyo nilikuwa nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu, wakulima waione.

"Misimu miwili," nikasema. "Ila usipige rangi."

"Bila rangi nitajuaje miti yangu?"

"Yote ni yako. Utapotea vipi?"

"Mama, kila ninaponunua napiga rangi. Kwako wewe ndiyo nipige mara mbili, barabara nzima waone."

Yusra akatoka ndani. "Mama, acha. Nitasubiri mwakani."

"Mwakani baba yako atakuwa amepona? Mimi nitakuwa nimeongezwa mshahara? Kalete kalamu."

Ramadhan alikuwa amekaa kwenye kiti chake kibarazani. Michungwa ile aliipanda yeye, kabla hajanioa. Mdomo wake siku hizi hautoi maneno vizuri. Brashi ya Muhidini ilipogusa shina la kwanza, aligeuza uso ukutani.

Ijumaa asubuhi tukalipa benki, Korogwe mjini. Viza tukaambiwa tusubiri.

Jumamosi wakulima wakaja, wote kumi na saba. Wakakaa kwenye mabenchi wakitazamana na miti yenye mistari myekundu. Mzee Mhina akasimama. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kunisikiliza mwaka jana akakataa kuuza maua.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Bibi shamba, rangi tumeiona."

"Ndiyo."

"Muhidini anakuja kwangu leo saa nane. Nimjibu nini?"

"Mwambie huuzi."

"Wewe umeuza."

"Mimi nina mtoto anasafiri kwenda kusoma."

"Na mimi nina mjukuu karudishwa nyumbani, hana sare. Au wetu ndio wa kusubiri mavuno?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Nilikuwa nimeshika chaki. Ubaoni ilikuwapo bado ile hesabu ya milioni tano. Nikaifuta hesabu.

"Ukishindwa kabisa," nikasema, "uza msimu mmoja, siyo miwili kama mimi. Uza nusu ya shamba, siyo lote. Na asichovye brashi kabla hujashika pesa yako yote."

Miaka kumi na minne nimewaomba waje na madaftari, na wakija nayo huyakalia. Siku ile waliandika.