Tranka la Zengo na Laini ya Wakubwa

Jumamosi ya tarehe kumi na moja Mei, mwaka 2024, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, tranka la Zengo lilizimika.

Lilikuwa tranka la bati, alilokuja nalo marehemu mkewe Dorkasi siku alipoolewa. Zamani lilihifadhi kanga. Sasa lilijaa betri ambazo Zengo alizitoa kwenye taa mbovu za sola, akaziunga kwa mkono wake. Kwenye kifuniko alitoboa matundu ya soketi, na katikati akapachika kipimo chenye kioo alichonunua Bariadi, kinachoonyesha asilimia ngapi za umeme zimebaki. Kijiji kilikuwa na nguzo tu, nyaya hazijulikani zilikoishia. Kwa hiyo kila mkutano wa hadhara tranka lilibebwa kwenda kuendesha spika, na mwenye tranka hapewi hata asante.

Siku hiyo alisema mwenyekiti wa kijiji, Maige. Akafuata diwani, akasema, akakaa, akakumbuka jambo, akasimama tena. Wakubwa wakishika maiki hawana breki. Ilipofika zamu ya wananchi, Zengo akawa wa kwanza. Akakohoa kidogo.

"Mimi swali langu ni moja tu. Ile zahanati..."

Spika ikalia kwii, ikanyamaza. Zengo akakitazama kipimo. Themanini na moja! Akakipiga kofi. Themanini na moja vilevile, na umeme hakuna.

Watu walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Maige hakupoteza nafasi. "Basi, ndugu wananchi, tufunge mkutano wetu."

Na haikuwa mara ya kwanza. Februari nako ilikuwa hivyohivyo: wakubwa wamesikika hadi ng'ambo ya mto, Zengo kufungua mdomo, kimya.

Swali lenyewe alikuwa nalo tangu Dorkasi afariki. Zahanati ya kijiji ilijengwa, ikapakwa rangi nzuri, kisha ikatiwa kufuli. Usiku ule mkewe alipozidiwa, bodaboda iliwapitisha mbele ya kufuli hilo kuelekea Bariadi. Hawakufika. Zengo alikwenda ofisini kuuliza, akaambiwa maswali huulizwa mkutanoni, mbele ya watu. Sawa, mkutanoni akaenda. Sasa tranka nalo likawa linamsaliti.

Asubuhi yake shemeji yake Nyanjige, mdogo wa Dorkasi, alimkuta uani na bisibisi mdomoni.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Wamenihujumu, Nyanjige. Maige katuma mtu akachezea waya."

"Maige huyu anayefungiwa viatu na mkewe?"

"Basi aliyeniuzia kipimo, yule Marcelo wa sokoni Bariadi. Na waliomruhusu kuuza takataka ndio hao hao wakubwa."

Walijaza betri juani mpaka kipimo kikasema mia, wakaunga spika, wakaiacha iimbe kwaya kutwa nzima. Kipimo kikashuka polepole, tisini, themanini, sabini. Kila mara Zengo aliweka testa kwenye betri kuhakikisha, na kila mara testa na kipimo vilikubaliana. Jirani mmoja akaja kuuliza harusi ni ya nani.

"Ajabu," alisema Nyanjige. "Nyumbani linasema kweli, mkutanoni linadanganya. Shemeji, tranka lako limeanza siasa."

"Usinichekeshe, nina hasira."

"Haya, niambie. Mkutanoni kuna nini ambacho hapa hakipo?"

"Wakubwa."

"Na wakubwa wana nini?"

"Maneno."

"Na feni. Na kile kijifriji cha diwani cha maji baridi."

Bisibisi ikamdondoka Zengo. Akafunua tranka, akainama ndani, akakaa humo muda mrefu kama anayetafuta sindano.

Kipimo kile hakina uchawi. Kwenye waya wa hasi kuna kipande cha shaba, na umeme wowote unaorudi kwenye betri kupitia kipande hicho huhesabiwa. Usiopita hapo, kipimo hakiujui. Spika ya wananchi ilipita. Lakini diwani alipokuja mara ya kwanza, Zengo kwa heshima aliichukua laini ya meza kuu akaikaza moja kwa moja kwenye betri, ili wakubwa wapate umeme wao safi bila kubanana na watu. Feni ikavuta, friji ikavuta, kipimo kikahesabu spika peke yake, mpaka betri ikaisha na kujikata.

Alipomweleza Nyanjige, mwanamke alicheka akakalia kinu.

"Kutwa kucha wakubwa hivi, wakubwa vile! Kumbe laini ya bure umewavutia wewe!"

"Ilikuwa heshima."

"Nani alikuomba?"

Zengo alitafuta wa kumlaumu, akatazama hata upande wa ofisi ya kijiji. Lakini bisibisi ilikuwa yake. Akacheka naye, kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo. Kisha akafungua ule waya wa wakubwa, akauhamishia upande wa pili wa shaba, uhesabiwe kama wa watu wengine.

Mkutano wa Agosti aliliweka tranka mezani kioo kikiwatazama wananchi. Diwani alikuwa hata hajafika katikati ya salamu zake, bibi mmoja wa mstari wa mbele, Minza, akapaza sauti.

"Tisini na moja! Mheshimiwa, maji yako yanakunywa maneno yetu!"

Uwanja mzima ukalipuka. Kila namba iliposhuka waliitaja kwa pamoja. Ilipofika themanini diwani mwenyewe, akicheka kwa aibu, alichomoa friji, akachomoa na feni. "Haya jamani. Leo nakunywa ya moto kama ninyi."

Hotuba nayo ikawa fupi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Zengo alishika maiki kipimo kikiwa sabini na sita. Sauti yake ikatoka nene, ikafika malishoni, ng'ombe wakainua vichwa.

"Zahanati yetu imejengwa, rangi imepakwa, kufuli limetiwa. Ufunguo anao nani?"

Diwani akamtazama Maige. Maige akamtazama mtendaji wa kijiji. Mtendaji akaitazama chupa ya maji.

"Semeni, umeme upo!" alipiga kelele Nyanjige, na watu wakacheka, kisha wakageuka wote kuitazama meza kuu. Spika ikabaki inanguruma peke yake.

Zengo akasogeza maiki karibu zaidi na mdomo.

"Nauliza tena. Ufunguo anao nani?"