Tumbo la Ukuta wa Timazi

Mzee waliyemwita Timazi, kama ule uzi wa waashi wa kupimia ukuta, alilipata jina hilo kwa sababu katika miaka arobaini ya uashi hakuna aliyemwona akijenga ukuta uliopinda. Neno ni hilo: hakuna aliyemwona. Kwenye chumba cha chini, kile kilichochimbwa ardhini chini ya nyumba ya bintiye, kulikuwa na kabati kubwa la nguo kuukuu, na nyuma ya kabati kulikuwa na ukuta ulioota tumbo. Aliyeujenga ni yeye.

Fundi aliyeitwa kukagua nyufa alikuwa mwanamke mfupi mwenye ndoo ya vifaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu Timazi, ameegemea kabati kama analizuia lisitoroke.

"Chanzo tunakijua," binti akadakia, akimkata jicho mumewe. "Huyu na nyanya zake! Kumwagilia hapo nje asubuhi na jioni, utadhani anafuga samaki."

"Nimeshazing'oa," mkwe akasema polepole. "Zote. Baba ndiye aliyegundua kuwa ni maji."

Timazi akakohoa kikohozi kisichokuwepo.

Kabati likasogezwa. Fundi akateremsha timazi yake, uzi wenye kipande cha risasi nchani, na uzi ukalala sambamba na ukuta toka juu hadi chini.

"Mbona umenyooka?" binti akashangaa.

Mzee akaanza kupumua. Lakini fundi hakuwa na haja na macho. Aligonga juu, akagonga katikati, akasikiliza, kisha akachukua patasi. Katikati lipu ilikuwa nyembamba kama ukucha. Juu na chini patasi ilizama vidole vitatu.

"Aliyepiga lipu hii ni bingwa," akasema. "Ukuta umetoa tumbo, yeye akaunenepesha kwingine kote ulingane. Uongo mtupu, lakini kazi safi!"

Sifa ile ilimchoma Timazi kuliko tusi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye ufa aliuziba, tena mara tatu, na ukuta ulikuwa unamdai vilevile.

"Kwa hiyo nyanya zangu…?" mkwe akauliza.

"Ndoo mbili za maji haziwezi kusukuma ukuta, kaka. Huko nje umerudishwa udongo wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unavimba, unasukuma. Palitakiwa kokoto, na bomba la kutolea maji. Nani alijenga?"

Binti akatazama sakafu. "Labda vibarua, baba? Labda walirudisha udongo bila kukuambia?"

Mlango aliofunguliwa ulikuwa mpana, kutosha kupita na heshima yake yote kichwani. Timazi akautazama. Akamtazama mkwewe, aliyekuwa na udongo kwenye kucha bado.

"Hakukuwa na kibarua," akasema. "Mvua zilikaribia, kokoto zikachelewa, nikakosa subira. Lipu pia ni mimi. Nilikuwa napiga mkienda kazini."

"Na nyanya?" binti akauliza.

"Na nyanya ni mimi."

"Mwezi mzima, baba!" binti akasema. "Namsema mume wangu, na wewe upo hapo hapo unatikisa kichwa!"

"Nilitikisa," mzee akakubali. Hakujua mikono aiweke wapi.

Laiti mkwe angefoka. Mkwe alisema tu, "Kaa, baba, utaanguka," akamvutia kigoda, na kigoda kile kikawa moto.

Juma lile wakachimba nje, wakatoa ule udongo, wakalaza bomba na kumwaga kokoto. Ndani zikasimamishwa nguzo za chuma kuushika ukuta. Lakini kabla ya nguzo, fundi aliibandua lipu yote, tofali zikabaki uchi, akamkabidhi mzee uzi.

"Pima wewe, baba. Mimi naandika."

Timazi akapima. Angeweza kunong'ona, fundi alikuwa karibu.

"Vidole vitatu!" akatamka, kwa sauti ya kufika juu jikoni, ambako mkwe alikuwa akiosha vyombo. "Umepinda vidole vitatu!"

Vyombo vikanyamaza. Kisha sauti ikashuka ngazi: "Nimesikia, baba. Miche ya nyanya utanunua wewe."