Mstari wa Nje

Tangu asubuhi mwalimu wa chekechea alikuwa hajakaa. Alizunguka meza zile fupi, akichonga penseli zilizokwisha kuchongwa. Mwalimu mkuu angeingia wakati wowote kuwatazama watoto wakifuatisha herufi za nukta. Asiyeweza angebaki chekechea mwaka mwingine, na asiyeweza alikuwa mmoja tu: Chiriku, msichana asiyefunga mdomo.

"Mwalimu, penseli ya Chiriku imelewa tena!" jirani yake alishtaki.

"Umelewa wewe na makamasi yako!"

"Nyamazeni. Chiriku, pita juu ya nukta."

"Si napita, Mwalimu?"

Hakupita. Mstari wake ulikwenda nje ya nukta, kila herufi. Mwalimu alikwisha kujaribu nukta kubwa na penseli nene. Alimwambia hata shangazi yake Chiriku, fundi cherehani anayemlea, ampeleke akapimwe macho. Macho yalikuwa mazima.

Viatu vilisikika ukumbini. Mwalimu aliinyakua karatasi ya Chiriku aifiche chini ya nyingine, kisha akasita. Nafasi kati ya nukta na mstari ilikuwa ileile kila mahali, upana wa kidole cha mtoto. Mkono usiojua hauwezi kukosea sawasawa hivyo.

"Hapa katikati unaacha nini?"

"Pa kushonea." Chiriku alimshangaa. "Shangazi akichora kwa chaki, mkasi unapita nje. Ukikata juu ya chaki nguo inabana, halafu mteja anakuja kugomba."

"Karatasi haishonwi, mama. Hapa pita juu kabisa."

"Haitabana?"

"Haitabana."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshasimama nyuma yao. "Ndiye huyu wa kwenda upande?"

"Mtazame mwenyewe."

Chiriku aliuma ulimi. Penseli ilipanda nukta ya kwanza, ikazifuata zote hadi mwisho wa herufi bila kutetemeka. Mwalimu akashusha pumzi. Penseli haikuinuka, ilirudi ikachora mstari wa pili, kwa nje.

"Na huu?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Huo wa akiba. Nguo za watoto huachiwa nafasi ya kukua."

Mwalimu mkuu aliisogeza karatasi dirishani, akaitazama mistari yote miwili.

"Apande darasa la kwanza," alisema. "Na wewe mwalimu, kaa chini. Unanitia kizunguzungu."