Nozeli za Mzee Sifaeli

Mzee Sifaeli Nanyaro alifika gereji ya Sombetini Jumatano asubuhi, akiiendesha Corolla yake nyeupe taratibu, mkono mmoja ukiwa tayari kwenye breki ya mkono. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye kahawa na migomba kidogo kule Akheri, na gari lile halikuwa la matembezi. Kila Jumanne na Ijumaa alimshusha mkewe, Elinaza, hospitali mjini kusafishwa damu. Figo zake zilikuwa zimekufa mwaka uliopita.

Fundi aliyempokea aliitwa Dismasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii gari inanisumbua, na ndiyo inayompeleka mama kusafishwa damu. Ikianza safari ni nzima. Ikishapata moto inakosa nguvu, na mlimani inazima kabisa. Nikiiacha ipoe nusu saa, inawaka tena vizuri tu."

Dismasi alikuwa na miaka kumi na minne kwenye kazi hiyo. Kabla mzee hajamaliza, alishajua pa kuanzia: pampu ya mafuta, ile inayokaa ndani ya tenki. Pampu iliyochoka hufanya hivyo hivyo. Geji ya kupimia presha ilikuwa kwenye droo, na kupima kwenyewe ni dakika kumi. Akageuka kwenda kuichukua.

Brayson, mwenye gereji, alimwahi. Brayson alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, na ndiye aliyempa kazi wakati alipokuwa hana hata spana ya kwake. Miezi miwili nyuma alikuwa ameleta kutoka Dar mashine ya kusafishia nozeli, vile vibomba vinavyopulizia mafuta kwenye injini, na tangu siku hiyo kila gari lenye tatizo la injini lilipitishwa kwenye mashine kwanza. Maswali yaliulizwa baadaye.

"Mzee wangu, hizo ni nozeli," Brayson alisema. "Zimeziba. Mafuta yetu haya yana uchafu mwingi. Umesema mama anasafishwa damu, siyo? Basi na injini nayo ni hivyo hivyo. Usipoisafisha, inakufa."

Mzee Sifaeli alimtazama Dismasi.

"Wewe ndiye fundi. Unasemaje? Mwezi huu nina uwezo wa kutengeneza kitu kimoja tu. Nataka kiwe kile chenyewe."

Brayson naye alikuwa akimtazama. Dismasi alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ingawa ilikuwa mikavu.

"Zikisafishwa itasaidia, mzee," alisema.

Haukuwa uongo mtupu. Nozeli za gari la umri ule haziwezi kukosa uchafu. Walizifungua zote nne, wakazipanga juu ya mashine, na mzee akasogea kuangalia. Kwenye vioo virefu vya mashine mafuta yalitoka kwa matone katika nozeli moja na kwa mrushio wa pembeni katika nyingine. Baada ya kusafishwa, zote nne zilipuliza ukungu mwembamba, sawasawa. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Wakati wa kuzirudisha, Dismasi alibadilisha na chujio la mafuta. Hakuna aliyemtuma; alijua chujio jipya lingeipunguzia pampu mzigo.

Gari liliondoka likinguruma vizuri, na kwa siku kumi na mbili halikuzima. Ijumaa ya kwanza Dismasi alipiga simu kujua linaendaje, mzee akasema linakwenda vizuri.

Siku ya kumi na tatu, Jumanne, mzee alipiga simu.

"Leo imezima njiani. Tumechelewa hospitali, mama amewekwa kwenye mashine kwa muda wa saa mbili tu badala ya saa nne. Zamu ilikuwa ya mtu mwingine."

"Pole sana, mzee. Ilete niiangalie."

"Nitaileta Jumamosi. Ijumaa lazima nimpeleke mama. Itanifikisha?"

Brayson alikuwa hatua tatu kutoka hapo, akimwonyesha mteja vile vioo. Dismasi angeweza kusema: usiitumie, kodi gari nyingine, nakuja mwenyewe leo. Lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba kazi ya kwanza haikuwa kazi.

"Iendeshe taratibu," alisema. "Itakufikisha."

Ijumaa mvua ilianza kabla ya mapambazuko. Saa moja na nusu simu ya Dismasi iliita, na sauti ya mzee haikuwa ile ya siku zote.

"Imezima. Tuko kwenye kona ya chini ya kanisa, hatujafika hata lami. Mama anahema vibaya. Ameanza kuvimba tangu jana. Nifanye nini?"

"Una kipande cha mti? Ingia chini ya gari upande wa nyuma, gonga tenki kwa chini. Gonga kwa nguvu, halafu washa."

Alisikia mlango ukifungwa, mvua, kisha mapigo mazito ya mti kwenye bati. Mtu wa miaka sabini na moja alikuwa amelala kwenye tope. Injini ikawaka. Dismasi alifumba macho. Baada ya dakika moja hivi ikazima tena, na mzee hakurudi kwenye simu.

Dismasi alichukua pampu nzima kutoka kwenye Corolla iliyokuwa imekaa nyuma ya gereji bila injini, akaificha ndani ya koti, akapanda bodaboda. Brayson alimwita. Hakugeuka.

Alipofika kule chini ya kanisa, gari lilikuwa peke yake pembeni ya barabara, milango ikiwa wazi. Mama mmoja aliyejikinga mvua kwa jani la mgomba alimwambia kwamba Elinaza alibebwa kwenye pikapu ya jirani iliyokuwa inapeleka ndizi sokoni. Walimlaza juu ya mikungu, mumewe akamshika kichwa. Ufunguo mzee aliuacha kwake.

Dismasi aling'oa kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha tenki, akatoa pampu ya zamani na kuweka ile aliyokuja nayo. Ilimchukua dakika thelathini na tano. Injini iliwaka alipojaribu mara ya kwanza tu, na njia nzima hadi mjini haikutetereka hata mara moja. Kila kilima ilichopanda kilimuumiza.

Mzee Sifaeli alikuwa ameketi kwenye benchi la nje ya wodi, suruali ikiwa na tope hadi kiunoni, kanga ya mkewe ikiwa imekunjwa juu ya magoti yake. Dismasi alipoiona kanga alielewa, akaketi kando yake.

"Alifika akiwa hai," mzee alisema. "Walimwekea oksijeni. Akaishi dakika ishirini."

"Pole, mzee. Pole sana."

Kisha mzee akauliza, bila kupandisha sauti:

"Uliniambia nigonge tenki. Hukufikiri hata kidogo. Ulijuaje?"

"Ni pampu, mzee. Pampu ikichoka, ukigonga huwa inaamka kidogo."

"Ulijua leo?"

"Nilijua tangu siku ile ya kwanza."

"Na nozeli?"

"Zilikuwa chafu. Lakini hazikuwa ndizo zinazozima gari."

Mzee alinyoosha mkono. Dismasi akadhani anataka kushikwa mkono, akautoa wa kwake. Mzee alikuwa anataka ufunguo.

Jumatatu Dismasi alimweleza Brayson yote. Brayson alisema figo ndizo zilizomuua yule mama, wala siyo gari, na huenda alikuwa anasema kweli. Dismasi alikusanya nguo zake za kazi, akaondoka gerejini. Dada yake hajaongea naye hadi leo.

Wiki tatu baada ya mazishi alipanda Akheri. Alimkuta Mzee Sifaeli uani akianika kahawa. Mzee hakumkaribisha kiti, na katika nyumba ile hakuna mgeni aliyewahi kusimama.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nimesikia." Mzee aliendelea kutandaza kahawa kwa kiganja. "Watoto sijawaambia. Usifikiri nimefanya hivyo kwa ajili yako. Nikiwaambia, binti yangu Nancy ataniuliza kwa nini sikwenda kwa fundi wa pili. Tengeru wapo watatu. Nilipita mbele yao kila wiki."

"Kosa ni langu, mzee."

"Ni lako. Nilikuuliza wewe, nikamwacha yule." Akatoa punje mbovu pembeni. "Mama alikuwa ndani ya gari siku ile ulipopiga simu kujua linaendaje. Alisema, huyu kijana ana moyo."

Dismasi alisimama hadi safu ya mwisho ilipokwisha, mzee akachukua beseni tupu na kuingia ndani. Mlango ulifungwa polepole. Baada ya muda Dismasi aliteremka kuelekea barabarani.